Gitaa la mtumba, mshono wa Toi

Fundi wangu wa soko la Toi, pembeni mwa Kibera jijini Nairobi, haamini macho, anaamini kidole. Ukimletea koti la mtumba na kumwambia alipunguze mabega, kwanza analipindua ndani nje, analitandaza kwenye meza ya cherehani, kisha anapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye wayo wa mtoto. Akishaupata anapoutaka, anachukua wembe na kuanza kufumua. Jumamosi moja nilisimama hapo nikimtazama, koti langu la jinzi likiwa vipande vitatu mikononi mwake. Kwenye nguzo ya kibanda kulikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi, na ndani yake Jim Reeves alikuwa akiimba.

Kijana aliyekuwa akingoja suruali yake alitoa visikizi masikioni. "Mzee, hizi ni ngoma za wapi?"

Fundi hakuinua kichwa. "Hizi ni za nyumbani," akasema.

Jibu hilo halijanitoka. Jim Reeves alikuwa mtu wa Texas, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1964. Fundi wangu ni mtu wa Kakamega aliyehamia Kibera akiwa kijana wa kutafuta. Lakini sauti ile kwake ni ya nyumbani, kama ilivyo harufu ya mahindi ya kuchoma barabarani jioni. Nilitaka kumbishia, nikakosa pa kuanzia.

Nalileta jambo hili hapa kwa sababu kila bendi ya Nairobi inapojitokeza na magitaa ya umeme, albamu iliyorekodiwa kwa pesa ya mfukoni na nyimbo zenye harufu ya roki na kantri, hukaribishwa kwa swali lile lile: huu kweli ni muziki wetu? Parking Lot Grass wamelijua swali hilo. Crystal Axis wamelijua, wakipiga panki juu ya historia ya mateso ya Nyayo House. Duma nao, walipotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walikuwa wamebeba jina lenye maana ya giza kwa Kikuyu, na bado wapo waliosema hizo ni kelele za wazungu. Kwa maoni yangu swali hilo limechakaa. Mtumba ukishapita mikononi mwa fundi wa Toi, hauulizwi tena ulivaliwa na nani. Unaulizwa umeshonwaje, na kama fundi amelipwa.

Tuanze mbali kidogo na Nairobi. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Wasichana wa pale, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walimwimbia wimbo wa kiumbe aitwaye Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani anayeitwa baba wa kantri, aliyekuwa amekufa kwa kifua kikuu miaka 17 kabla, mwaka 1933. Santuri zake zilifika vilimani kwa gramafoni. Wasichana walisikia sauti isiyo na mwili, wakaipa mwili wao wenyewe: nusu mtu, nusu paa, mchezaji hodari. Jina likafumuliwa, likashonwa upya kwa ulimi wa Kikalenjin. Kantri ilikuwa imeshapata fundi Kenya miaka 13 kabla hatujapata bendera.

Kisha redio ikafanya kazi yake. Sauti ya Kenya, baadaye KBC, ililea kizazi kizima kwa kipindi cha Sundowner, watu wakitoka kazini, sufuria ikiwa jikoni, Skeeter Davis na Don Williams wakiimba juu ya mapenzi yaliyovunjika. Wazee waliosema hawajui Kizungu waliijua kila pumzi ya nyimbo zile. Hata leo nenda kwenye harusi ya Kiambu au matanga ya Vihiga, ngoja usiku ukomae, uone kama hutasikia Kenny Rogers na Dolly Parton. Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, alizaliwa 1977, mwaka aliokufa Elvis Presley, akapewa jina hilo na wazazi waliompenda mfalme yule. Amejenga maisha yake ya muziki juu ya kantri, kofia pana na yote, na mashabiki wake hawakuletwa na ndege.

Kuna kitu kimoja katika kantri ambacho watu wa Kibera hawahitaji kufundishwa: treni. Jimmie Rodgers alifanya kazi kwenye reli, akishughulikia breki za mabehewa, na ndiyo maana treni inapita katika nyimbo zake na za waliomfuata, ikibeba wapenzi, wafungwa na wasio na nauli. Sasa simama Kibera saa kumi na mbili asubuhi. Reli ya zamani ya Uganda inakata mtaa katikati. Mama anayeuza omena ametandaza gunia lake hatua mbili kutoka kwenye chuma, na honi ikilia anavuta gunia bila kuangalia saa. Watoto wanakwenda shule juu ya mataruma wakihesabu hatua. Wakikuyu nao wana dansi nzima iitwayo mugithi, yaani treni, watu wakishikana viuno na kuzunguka ukumbi nyuma ya mpiga gitaa mmoja. Ukiwa na reli mlangoni na mugithi baa, unaimbaje juu ya treni ya Tennessee?

Hapo ndipo ninapowalaumu baadhi ya wanamuziki wetu. Mtumba wanaonunua ni mzuri, wa kiwango cha kamera, yaani daraja la kwanza, lakini wanauvaa bila kuupeleka kwa fundi. Mabega yananing'inia. Lafudhi ni ya Nashville, barabara ni ya Texas, gari ni lori ambalo mwimbaji hajawahi kulipanda. Mshono kama huo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Wamarekani wenyewe walishalipitia jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mji mdogo wa Belleville, Illinois, vijana waliolelewa na kelele za panki walirudi kwenye santuri za babu zao. Bendi yao, Uncle Tupelo, ilitoa albamu ya No Depression mwaka 1990, ikiwa na wimbo wa jina hilo uliowahi kurekodiwa na Carter Family miongo mingi kabla. Tawi zima likachipuka hapo, ambalo tunaweza kuliita kantri mbadala: kishindo cha kijana kikibeba majonzi ya bibi. Anayetaka kuwafuata vijana wale asiige walichokuta kabatini. Naye afungue kabati la kwao.

Na kabati la kwetu lina nini? Lina George Mukabi wa Khwisero, aliyefariki 1963, aliyelifanya gitaa kavu liongee mtindo wa omutibo, mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Lina Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa upande wa Tanzania na kuufanya muziki wa benga usimame, nyuzi za gitaa zikikimbia kama za nyatiti, ala ya Wajaluo. Lina Joseph Kamaru, aliyetuaga mwaka 2018, ambaye gitaa lake lilisema mambo ambayo magazeti yaliogopa kuyaandika. Na katikati ya santuri hizo, bila aibu, amelala Jim Reeves. Droo ni moja. Babu hakuzitenganisha; alizipiga zote Jumapili moja, kwenye gramafoni ile ile.

Nilishuhudia droo hiyo ikifunguliwa Kawangware 46, mtaa mwingine wa Nairobi, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Chumba ni cha mabati, kuta zimebandikwa trei za mayai ili majirani wasije na mawe. Vijana wanne, amplifaya mbili, kompyuta moja ya kupakata yenye kioo kilichopasuka kona. Mpiga gitaa alikuwa na vumbi la unga kwenye nywele. Alianza kwa gumba, likitembea kwenye nyuzi nzito bila haraka, na kidole cha shahada kikadonoa nyuzi nyembamba juu yake kama kuku anayeokota mtama. Omutibo mtupu. Kisha akakanyaga pedali, na gitaa lile lile likanguruma hadi trei za mayai zikatetemeka. Mpiga dramu akaingia na mdundo mzito wa roki. Wa nne, ambaye nilidhani ni rafiki tu aliyekuja kukaa, akaokota chupa ya soda na bisibisi, akaanza kugonga.

Wimbo ulikuwa juu ya landilodi. Sikuhitaji kuuliza ni wa mtindo gani.

Katikati ya ubeti wa pili mita ya tokeni ikaanza kulia. Wakaendelea. Ikalia tena, stima ikakatika, na kilichobaki kikawa ni dramu na chupa. Mwimbaji akageuka. "Nani ana mbao?" Mmoja akatoa shilingi 20, mwingine 10, mimi nikamalizia ifike 50. Tulingoja ujumbe wa nambari za tokeni dakika kumi na moja gizani, tukisikiliza kinu cha jirani kikisaga. Sehemu waliyokuwa wamerekodi ilipotea. Hii ndiyo gharama ya albamu ya kujitegemea ambayo haiandikwi kwenye jalada.

Wapo watakaosema vijana hawa wamebuni kitu kipya. Hapana, nao wana wazee wao. Mwaka 1976 bendi ya roki ya Nairobi iitwayo Black Savage ilirekodi wimbo wa Kothbiro, yaani mvua inakuja kwa Kijaluo. Ndani yake alikuwamo Job Seda, ambaye baadaye alijiita Ayub Ogada, akachukua nyatiti na kuurudia wimbo huo kwa sauti ya upole ambayo dunia iliifahamu kupitia albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo. Mwaka 2005 wimbo huo ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigiwa picha Kibera. Mwaka 2018 Kanye West akaichukua rekodi ya Black Savage na kuijengea wimbo wake wa Yikes. Ogada alifariki Februari 2019. Waliokuwa wakiwauliza vijana wale wa 1976 kama roki ni yetu, nadhani wameshapata jibu: ilikuwa yetu kiasi cha Wamarekani kuja kuinunua kwetu kama mtumba.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Extra Golden. Mwaka 2004 Ian Eagleson, mpiga gitaa wa bendi ndogo ya roki ya Marekani iitwayo Golden, alikuwa Nairobi akifanya utafiti wa shahada ya uzamifu juu ya benga. Mwenzake Alex Minoff akamtembelea. Wakajiunga na Otieno Jagwasi na wenzake wa Orchestra Extra Solar Africa, wakaunganisha majina mawili kuwa moja. Albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, ilitoka 2006 kupitia Thrill Jockey, lebo ya kujitegemea ya Chicago. Jina lenyewe ni Kijaluo: si rahisi. Na haikuwa rahisi. Jagwasi alifariki 2005, kabla ya kuiona albamu. Opiyo Bilongo akachukua nafasi yake. Walipoalikwa Chicago 2006, viza zilisumbua hadi ofisi ya seneta mmoja wa Illinois ilipoingilia kati, na bendi ikamshukuru kwa wimbo wenye jina lake, Obama, katika albamu ya 2007, miezi mingi kabla dunia haijamjua kama rais.

Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Kibera iliwaka. Soko hili la Toi, lile nilimosimama na koti langu, liliteketea lote. Reli iling'olewa. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,100. Wanabendi waliokuwa Kenya walijikuta ndani ya moto huo na familia zao, na mashabiki wa mbali wakachanga pesa. Albamu ya 2009 iliitwa Thank You Very Quickly, shukrani kwa watu hao. Ninaposikiliza albamu hiyo sisikii mkutano wa tamaduni ambao wahakiki hupenda kuutaja. Nasikia watu waliozoeana kiasi cha kukopeshana. Gitaa la roki halikai juu ya benga kama mgeni kwenye kochi. Limeingia jikoni, linajua kisu kiko wapi. Huo ndio mshono ninaousema, ule ambao hata kidole gumba cha fundi kingeukosa.

Lakini Extra Golden inatufundisha somo jingine pia. Albamu tatu za benga na roki, lebo ikiwa Chicago, jukwaa likiwa Chicago, pasipoti ikiamua nani apande. Sina kinyongo na Wamarekani wale. Walilipa kwa jasho. Swali ni kwetu. Kwa nini hakukuwa na lebo ya Nairobi mlangoni mwa Otieno Jagwasi?

Hapa ndipo linapoingia jambo linaloniudhi kuliko lile swali la uzungu. Siku hizi bendi ikitoka Kibera, jina la Kibera linashonwa nje ya koti, mgongoni, kwa herufi kubwa. Mwandishi wa mbali anafika, anapiga picha mabati na mtaro, anaandika juu ya matumaini, na katika makala nzima hutajua kama mpiga besi anajua kazi yake. Kibera imekuwa lebo inayouzika. Kwa miaka mingi tuliambiwa mtaa huu una watu milioni moja, wengine wakataja zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Waliotia chumvi walijua mwenye kuuza huruma huhitaji umati. Mwanamuziki anayenunuliwa kwa huruma hununuliwa mara moja tu. Albamu yake ya pili haina mteja, kwa maana picha ya mabati ilishapigwa.

Kawangware haina hata lebo hiyo. Iko ubavuni mwa Lavington, ukuta mmoja tu kati ya bwawa la kuogelea na mtungi wa maji wa lita 20, na nje ya Kenya wachache wanaijua. Labda ndiyo heri yake. Mpiga gitaa wa Kawangware 46 hana wa kumwonea huruma, kwa hiyo atalazimika kuwa mzuri.

Akishakuwa mzuri, apige wapi? Kumbi za roki ziko Westlands na kando ya Ngong Road. Si mbali, kwa mguu unafika. Lakini onyesho linaisha usiku wa manane, na mtu aliyebeba gitaa na amplifaya hatembei. Bodaboda ya usiku inakula nusu ya alicholipwa. Baa za karibu na nyumbani zinataka kava: piga Don Williams, piga Kamaru, mezani kuna bia. Ukipiga wa kwako, watu wanaendelea kula mutura. Malipo ya redio hupitia vyama vya kukusanya mirabaha ambavyo ugomvi wake umeshazeesha wasanii wengi. Wengine wanaishi kwa nyimbo za Skiza, sekunde chache mtu anapongoja simu ipokelewe. Wimbo wa dakika sita juu ya landilodi hautoshi mle.

Ninachodai si kikubwa. Kaunti ina kumbi za kijamii mitaani ambazo jioni hufungwa kwa kufuli. Zifunguliwe usiku mmoja kwa wiki, stima ikiwa imelipwa, kwa bendi zinazopiga nyimbo zao wenyewe, na kiingilio kiwe shilingi 100 ili jirani aweze kuja na kumzomea mpiga gitaa mbovu kwa haki kabisa. Redio za mitaani, kama Pamoja FM ya Kibera, zijue kwamba kijana wa mtaa anayepiga roki si mgeni wa kipindi maalumu, ni msanii wa saa nne asubuhi. Na sisi wasikilizaji, albamu ikitoka, tuinunue kabla ya kuuliza asili yake. Shati la mtumba tunalilipia kwanza, hadithi tunalibunia baadaye.

Najua nitajibiwa kwamba benga inakufa, na kwamba kijana akiweka kishindo cha roki juu ya Mukabi anamzika mara ya pili. Nimelifikiria hilo. Lakini Mukabi mwenyewe alichukua gitaa, chombo cha kuletwa, na chupa ya soda, kinywaji cha kuletwa, akavifanya viimbe Kiluhya na Kiswahili. Anayemlinda Mukabi dhidi ya gitaa la umeme anamlinda dhidi ya kazi yake mwenyewe.

Jioni ile Toi, fundi alimaliza mabega, akapiga mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno. Kabla ya kunipa koti akalifungua kosi na kunionyesha lebo ya ndani, ya kampuni ya huko Marekani, herufi zimefifia kwa kufuliwa na watu nisiowajua.

"Niitoe?" akauliza. "Wengine hupenda niitoe. Wengine hupenda niihamishe hapa mbele, ionekane."

Nikamwambia aiache palepale ilipo. Akalivisha koti begani mwangu, akavuta mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja. Hakuangalia lebo. Aliangalia mabega, akatikisa kichwa kidogo, akanivua, akaufumua tena mshono wa kushoto.